Lini Maktaba ya Python Iache Kusapoti Matoleo ya Zamani? Mwongozo Kamili

Mstari mmoja wa `numpy>=1.22` ndani ya `pyproject.toml`, faili ya mipangilio ya mradi wa Python, ni ahadi. Anayeusoma anaelewa kwamba maktaba yako inafanya kazi na NumPy (maktaba ya hesabu) 1.22 kwenda juu, na `pip`, programu ya kusakinisha maktaba, inaelewa hivyohivyo kwa sababu haina namna ya kujua vingine. Sasa mchukue mtunzaji ambaye kompyuta yake ina NumPy 2.3. Anaandika `np.trapezoid`, anaendesha majaribio, yote yanapita, anatoa toleo jipya. Jina hilo liliingia NumPy 2.0, Juni 2024. Kabla ya hapo kazi hiyo iliitwa `trapz`. Mtumiaji mwenye NumPy 1.26 anasakinisha bila kuonywa chochote, halafu katikati ya kazi yake anakutana na hili:

```
AttributeError: module 'numpy' has no attribute 'trapezoid'
```

Hapo hakuna aliyetangaza kwamba NumPy 1.26 imeachwa. Imeachwa kimyakimya, na wa kwanza kujua ni mtu asiyehusika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuamua lini uache, na namna ya kuacha bila kumharibia mtu kazi. Tumeshika upande wa Python kwa kuwa ndiko taratibu zake zilikoandikwa wazi. Mfano wetu ni maktaba ya kubuni, tuiite `mvua`: inasoma vipimo vya kituo cha hali ya hewa na kujumlisha mvua ya siku. Leo inadai Python 3.10 kwenda juu na NumPy 1.22 kwenda juu.

## Gharama ya kushikilia, gharama ya kuacha

Gharama ya kushikilia huonekana kwanza kwenye majaribio. Matoleo 5 ya Python, mara matoleo 4 ya NumPy, mara mifumo 3 ya uendeshaji, ni michanganyiko 60 kwa kila badiliko. Hakuna mradi mdogo unaoendesha yote hayo, kwa hiyo mingi inabaki kwa imani tu.

Ya pili ni vile usivyoweza kutumia. Ukisapoti Python 3.10 huna `tomllib` wala `ExceptionGroup`, zilizokuja na 3.11. Ukisapoti 3.9 huna `match`. Kwa kila kimoja unaongeza kitegemezi (maktaba nyingine ambayo yako inaihitaji) cha kuziba pengo, au matawi ya `if` ambayo mwaka mmoja baadaye hakuna anayekumbuka yalikuwa ya nini.

Ya tatu haisemwi sana: Python nayo huondoa vitu vyake upande wa juu. `from collections import Mapping` ilikoma kwenye 3.10, na `distutils` iliondolewa kwenye 3.12. Kadiri unavyovuta mpaka wa chini kwenda nyuma na wa juu kwenda mbele, ndivyo msimbo mmoja unavyolazimika kusema lahaja mbili.

Upande wa pili kuna watu. Ubuntu 22.04 ina Python 3.10, Debian 12 ina 3.11, Red Hat Enterprise Linux 9 inakuja na 3.9. Seva ya ofisi yenye mojawapo ya hizo haibadilishwi kwa sababu maktaba moja imetaka. Anayeitunza ana sababu zake, nyingi zikiwa halali, na anastahili kujua mapema.

Kinachopatanisha pande hizi mbili ni jambo la kiufundi linalosahaulika: kuacha kusapoti si kumfukuza mtu. Metadata (maelezo ya kifurushi yanayosomwa na `pip`) ikiwa sahihi, mwenye Python ya zamani akiandika `pip install mvua` anapewa toleo la mwisho linalomfaa, na kazi yake inaendelea kama jana. Anachokosa ni vitu vipya tu. Karibu kila hatua hapa chini inalinda hilo.

## Hatua ya 1: Orodhesha ahadi ulizokwisha kutoa

Mpaka wa chini wa Python huandikwa mahali pengi kuliko unavyodhani. Tafuta kwenye mradi wote:

```
git grep -nE 'requires-python|python_requires|Python :: 3|python-version|target-version|python_version|version_info'
```

Utakuta `requires-python` na mistari ya `Programming Language :: Python :: 3.10` ndani ya `pyproject.toml`, mipangilio ya `ruff` na `mypy` (zana za kukagua msimbo), faili za majaribio ya kiotomatiki, pengine na `.readthedocs.yaml`. Angalia pia `Dockerfile`, README na resipe ya conda-forge (ghala jingine la vifurushi) kama unayo.

Ni kimoja tu kati ya hivyo kinachosomwa na `pip` wakati wa kuchagua toleo: `requires-python`. Mistari ya `Programming Language` ni maelezo ya ukurasa wa PyPI, ghala ambalo `pip` huchukua vifurushi. Kuna miradi iliyofuta mstari wa 3.7 kule, ikaamini imeiacha 3.7, kumbe `pip` iliendelea kuwapa watu wa 3.7 faili wasizoweza kuziendesha.

Kwa kila kitegemezi andika mambo matatu: mpaka wa chini ulioandikwa, toleo la chini kabisa linalojaribiwa kweli, na sababu ya mpaka huo kuwa hapo. Safu ya pili na ya tatu zikiwa tupu, umeshaona kazi inapoanzia.

## Hatua ya 2: Chagua kalenda, uiandike

Uamuzi wa toleo moja moja huzaa mabishano yasiyokwisha, kwa sababu daima yupo mtu mmoja anayetumia la zamani. Sera ya tarehe huyamaliza mapema. Kuna kalenda tatu za kuchagua, na hazisemi kitu kimoja.

Kalenda ya kwanza ni ya Python yenyewe. Kila toleo hupata takriban miaka 5: mwanzoni marekebisho ya kawaida, baadaye ya usalama tu, tena kwa msimbo chanzo bila faili za kusakinisha. Python 3.9 ilifika mwisho Oktoba 2025. Python 3.10, iliyotoka tarehe 4 Oktoba 2021, inafika mwisho Oktoba 2026.

Ya pili ni ya jamii ya Python ya kisayansi, iitwayo SPEC 0. Inashauri kuacha toleo la Python miaka 3 baada ya kutoka kwake, na vitegemezi vya msingi kama NumPy baada ya miaka 2. Iliitangulia NEP 29 (pendekezo la mradi wa NumPy) ya mwaka 2019, iliyokuwa na miezi 42 kwa Python na 24 kwa NumPy. Kwa SPEC 0, Python 3.11 ya Oktoba 2022 iliruhusiwa kuachwa tangu robo ya mwisho ya 2025, na NumPy 1.26 ya Septemba 2023 tangu Septemba 2025.

Ya tatu ni ya mifumo ya Linux. Ubuntu 22.04 na Python yake ya 3.10 inahudumiwa hadi 2027, baada ya Python wenyewe kuwa wameshaiacha 3.10.

Ushauri wetu ni huu. Maktaba inayokaa karibu na NumPy, SciPy au pandas ifuate SPEC 0. Hata ukitaka kubaki nyuma, vitegemezi vyako vitakuacha: NumPy 2.3 inadai Python 3.11, kwa hiyo anayesapoti 3.10 hawezi kudai chochote kipya kuliko NumPy 2.2. Zana inayoendeshwa na watu kwenye seva zao, kama programu ya mstari wa amri, ifuate kalenda ya Python. Kalenda ya Linux waachie wale ambao programu yao inafungashwa ndani ya mfumo wenyewe, au ambao mkataba unawalazimisha. Mtunzaji wa kujitolea asijibebeshe mzigo ambao makampuni hulipwa kuubeba.

`mvua` inaendeshwa kwenye seva za vituo, kwa hiyo imechagua kalenda ya Python. Sera yake inaenea mistari mitatu ya README:

> Tunasapoti kila toleo la Python ambalo bado linahudumiwa na Python wenyewe. Toleo likifika mwisho, tunaliacha katika toleo dogo linalofuata la `mvua` (kama kutoka 1.8 kwenda 1.9), kamwe si katika toleo la kurekebisha hitilafu. Kwa NumPy tunasapoti angalau matoleo ya miaka 2 iliyopita.

Neno "angalau" limewekwa kwa makusudi. Sera inakuruhusu kuacha, haikulazimishi. Kama toleo la zamani halikugharimu kitu na majaribio yake yanapita, liache lilivyo. Kupandisha mpaka kwa ajili ya usafi tu kunawaumiza watu bila faida.

## Hatua ya 3: Tazama nani ataguswa

Takwimu za upakuaji wa PyPI zipo wazi. Njia ya haraka:

```
pip install pypistats
pypistats python_minor mvua --last-month
```

Namba hizo zipokee kwa tahadhari. Sehemu kubwa ya upakuaji hufanywa na seva za majaribio zinazosakinisha upya kila msimbo unapobadilika. Mradi mmoja wenye kazi nyingi unaweza kuonekana kama kijiji. Kinyume chake, chuo chenye nakala yake ya ndani ya vifurushi kinapakua mara moja na kuhudumia maabara nzima.

Swali la maana si "wangapi wana Python 3.10?" bali "wangapi wenye Python 3.10 wanachukua toleo langu jipya?" Aliyefunga `mvua==1.4` miaka miwili iliyopita haguswi na lolote utakalofanya leo. Jibu linapatikana kwenye hifadhidata ya umma ya PyPI ndani ya BigQuery, huduma ya Google ya kuuliza data:

```sql
SELECT
  REGEXP_EXTRACT(details.python, r'^\d+\.\d+') AS py,
  file.version AS toleo,
  COUNT(*) AS idadi
FROM `bigquery-public-data.pypi.file_downloads`
WHERE file.project = 'mvua'
  AND details.installer.name IN ('pip', 'uv')
  AND details.ci IS NOT TRUE
  AND DATE(timestamp) >= DATE_SUB(CURRENT_DATE(), INTERVAL 30 DAY)
GROUP BY py, toleo
ORDER BY idadi DESC
```

Usiondoe kizuizi cha siku 30. Jedwali hilo ni kubwa mno, na unalipia data inayosomwa, si majibu unayopata. Kichujio cha `details.ci` hupunguza seva za majaribio zinazojitambulisha, zisizojitambulisha zitabaki.

Je, asilimia ngapi inatosha kuacha? Hatuna namba ya uchawi, na hatuiamini sera iliyojengwa juu ya asilimia, maana inampa nguvu yule mwenye seva nyingi. Takwimu zitumie kwa kazi moja: zikikuonyesha kundi kubwa la 3.10 linalochukua toleo lako jipya kabisa, sogeza tarehe mbele kwa robo mwaka na utangaze mapema zaidi. Kalenda iendelee kutawala.

## Hatua ya 4: Jaribu mpaka wa chini, si wa juu tu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo ingemwokoa yule mtunzaji wa `trapezoid`. Mazingira ya kawaida ya majaribio husakinisha matoleo mapya kabisa ya kila kitu. Unahitaji kazi moja ya ziada inayofanya kinyume: Python ya chini kabisa pamoja na vitegemezi vya chini kabisa. Kwa `uv`, kisakinishi kingine cha vifurushi:

```
uv venv --python 3.10
uv pip install --resolution lowest-direct -e ".[test]"
.venv/bin/python -m pytest
```

Tumia `lowest-direct`, usitumie `lowest`. Ya pili inashusha hata vitegemezi vya vitegemezi vyako, na wengi wameandika mipaka ya chini ya uongo. Utajikuta unajenga vifurushi vya miaka kumi iliyopita ambavyo havijengeki tena. `lowest-direct` inashusha vile ulivyovitaja mwenyewe tu.

Mtego wa kwanza: kitegemezi ulichokiandika bila mpaka kitashushwa hadi toleo lake la kale kabisa, pytest ikiwemo. `uv` itakuonya, lakini onyo hupotea kirahisi kati ya mistari mingi. Andika `pytest>=8` kwenye kundi la `test`, usiandike `pytest` peke yake.

Mtego wa pili: endesha kazi hii kwenye Python ya chini kabisa peke yake. NumPy ilianza kutoa faili za `.whl` (zilizojengwa tayari) za Python 3.11 kwenye 1.23.2, za 3.12 kwenye 1.26.0, za 3.13 kwenye 2.1.0. Ukiomba NumPy 1.22 juu ya Python 3.13, `pip` haitapata faili iliyojengwa tayari, itachukua msimbo chanzo, itatafuta kompaila, na itaanguka kwa kurasa kadhaa za makosa yasiyohusiana na maktaba yako.

Usiyetumia `uv`, tengeneza faili `chini.txt` yenye `numpy==1.22.0` na wenzake, kisha `pip install -c chini.txt -e ".[test]"`. Ubaya wake ni kwamba faili hiyo na `pyproject.toml` zitapishana siku moja usipoziangalia.

Jaribio likianguka, una njia mbili. Ya kwanza ni kuziba pengo:

```python
try:
    from numpy import trapezoid
except ImportError:  # NumPy < 2.0
    from numpy import trapz as trapezoid
```

Ya pili ni kupandisha mpaka. Hapa mistari minne inatosha na inaeleweka, kwa hiyo ziba. Kama kuziba kunahitaji kunakili algoriti au kutunza njia mbili za kukokotoa zinazoweza kutoa majibu tofauti, pandisha. Majibu mawili tofauti ya mvua ya siku ileile ni hatari kuliko usumbufu wa kusasisha. Kila unapoziba, weka maoni yenye namba ya toleo kama hapo juu, ili siku ya kuacha 1.x `git grep 'NumPy < 2'` ikuonyeshe cha kufuta.

Kosa moja la usalama lililogunduliwa kwenye kitegemezi si sababu ya kupandisha mpaka, isipokuwa kosa lenyewe lipo kwenye njia ambayo maktaba yako inaipita. Mpaka wa chini unasema "hapa inafanya kazi". Kuchagua toleo salama ni kazi ya mwenye programu ya mwisho. Ukimfanyia wewe, utamzuia pia yule ambaye mfumo wake umekwisha kupokea marekebisho bila kubadilisha namba ya toleo.

## Hatua ya 5: Tangaza, kisha toa toleo la mwisho la upande wa zamani

Kwa `mvua` ratiba ni hii. Julai 2026: toleo 1.8, na mstari wa kwanza wa maelezo yake unasema "1.8 ni toleo la mwisho kusapoti Python 3.10". Baada ya Oktoba 2026: toleo 1.9 linalodai 3.11.

Tumia miezi hiyo mitatu kusafisha 1.8, kwa sababu kuna watu watakaobaki nayo miaka. Rekebisha hitilafu zinazojulikana, na usiingize kipengele kikubwa ambacho hakijakomaa.

Kuhusu maonyo ndani ya programu: `DeprecationWarning` hufichwa na Python kwa kawaida, isipokuwa inapotokea ndani ya hati inayoendeshwa moja kwa moja, hivyo wengi hawataiona. `FutureWarning` inaonekana, lakini mtumiaji wa mwisho wa maktaba iliyo ndani ya programu nyingine hana la kufanya nayo, na itamjia kila siku. Kwa zana ya mstari wa amri, mstari mmoja wa onyo ni sawa. Kwa maktaba, maelezo ya toleo na README vinatosha.

Lazima iwe 2.0? Hapana. NumPy iliiacha Python 3.9 kwenye toleo dogo, 2.1, na hakuna kilichovunjika, kwa kuwa metadata ilifanya kazi yake. Namba kubwa itunze kwa mabadiliko ya tabia ya maktaba yenyewe.

## Hatua ya 6: Fanya mabadiliko kwa mafungu

Fungu la kwanza ni metadata na majaribio peke yake:

```toml
[project]
requires-python = ">=3.11"
dependencies = [
    "numpy>=1.26",
]
```

Kwenye fungu hilohilo ondoa `tomli; python_version < "3.11"`, maana `tomllib` sasa ipo kwa kila mtu. Rekebisha kila mahali ulipopata kwenye hatua ya 1.

Usiweke mpaka wa juu kwa Python. `requires-python = ">=3.11,<3.15"` inaonekana kama uangalifu, kumbe matokeo yake ni kinyume. Mwenye 3.15 akisakinisha, `pip` italiruka toleo lako jipya kwa sababu ya mpaka, itarudi nyuma hadi ikute la zamani lisilo na mpaka, na kumpa hilo. Atapata `mvua` ya miaka mitatu iliyopita kwenye Python mpya kabisa, mchanganyiko mbaya kuliko yote.

Fungu la pili ni kusafisha msimbo:

```
ruff check --select UP --fix
```

`ruff` inasoma `requires-python` na kubadilisha maandishi ya kizamani. Kanuni yake ya UP036 inakamata vipande vya `if sys.version_info < (3, 11)` visivyohitajika tena. Pitia kila badiliko kwa macho. Na usichanganye hapa mpangilio mpya wa msimbo wote: ukihitaji kurudisha marekebisho kwenye tawi la 1.8, kila faili itagombana.

Fungu la tatu, kama lipo, ni kuanza kutumia vitu vipya. Liache lisubiri toleo linalofuata. Ikitokea dharura ukalazimika kurudisha sapoti ya 3.10, utarudisha fungu la kwanza tu na msimbo bado utaendeshwa.

Kuna tofauti moja kubwa. Kupandisha mpaka wa Python ni salama kuliko kupandisha wa NumPy. Python ya mtumiaji haibadiliki wakati wa kusakinisha. `Pip` inarudi tu kwenye toleo linalomfaa. NumPy inabadilika. Mtu mwenye NumPy 1.24 na programu nyingine inayodai `numpy<1.25` akiandika `pip install mvua`, `pip` inaweza kupandisha NumPy ili ikuridhishe wewe, na yule mwingine avunjike. Atapata ujumbe unaoanza hivi, usakinishaji ukiwa umekwisha kufanyika:

```
ERROR: pip's dependency resolver does not currently take into account all the packages that are installed.
```

Ndiyo maana NumPy tunaipandisha kwa kusitasita zaidi, na kamwe hatuipandishi kwa sababu tu ndiyo toleo tulilo nalo mezani.

Wenye msimbo wa C unaotumia NumPy wasichanganye mpaka wa kujenga na wa kuendesha. Faili iliyojengwa na NumPy 2.0 inaendeshwa pia na 1.x, iliyojengwa na 1.x haiendeshwi na 2.x. Kwa hiyo `numpy>=2.0` inakaa kwenye `build-system`, na `dependencies` inabaki na mpaka wake wa chini.

## Hatua ya 7: Kagua kabla na baada ya kutoa

Kabla ya kupakia, soma kilichomo ndani ya faili yenyewe, si kilichoandikwa kwenye mradi:

```
unzip -p dist/mvua-1.9.0-py3-none-any.whl '*/METADATA' | grep Requires
```

Unatarajia `Requires-Python: >=3.11` na `Requires-Dist: numpy>=1.26`. Mstari wa kwanza ukikosekana, simama hapohapo.

Baada ya kupakia, jifanye mtu wa Python 3.10:

```
pip download mvua --no-deps --only-binary=:all: --python-version 3.10
```

Ikishuka `mvua-1.8.x`, kila kitu kipo sawa. Ikishuka 1.9, soma sehemu inayofuata haraka.

## Ukisahau `requires-python`

Umetoa 1.9.0 bila mstari huo. Watu wa 3.10 wanaipata na inawavunjikia. Unagundua, unaweka mstari, unatoa 1.9.1. Tatizo halijaisha. Kwao `pip` sasa inaiona 1.9.1, inaiacha kwa sababu inadai 3.11, inashuka hatua moja na kuikuta 1.9.0 isiyodai chochote. Inawapa ileile mbovu. Kadiri unavyotoa matoleo sahihi, ndivyo 1.9.0 inavyoendelea kuwa chaguo lao la kwanza.

Metadata ya faili iliyokwisha kupakiwa PyPI haihaririki, na jina la faili lililowahi kutumika halirudiwi. Dawa ni kuisimamisha 1.9.0: ingia kwenye ukurasa wa mradi PyPI, fungua orodha ya matoleo, chagua `Yank`, andika sababu. Tangu utaratibu wa PEP 592, toleo lililosimamishwa huachwa na `pip`, isipokuwa kwa mtu aliyeliandika wazi kwa `==1.9.0`. Usilifute. Ukilifuta, hata waliolifunga kwenye seva zao za Python 3.12, ambako linafanya kazi vizuri, watashindwa kusakinisha upya. Kisha rudia `pip download` ya hapo juu uhakikishe 1.8 imerudi.

Kwa conda-forge metadata ni nyingine na resipe ni nyingine. Kurekebisha PyPI hakugusi huko. Fungua resipe ubadilishe mipaka ileile.

## Tawi la 1.8

Weka tawi `1.8.x` siku ileile unayotoa 1.9, na tarehe ya kulifunga. Linapokea marekebisho ya usalama, na makosa yanayotoa majibu yasiyo sahihi bila kuonya. Mengine yote, hata yakiombwa kwa heshima, jibu lake ni kwenda 1.9. Acha majaribio ya 3.10 yakiendelea kwenye tawi hilo, maana tawi lisilojaribiwa halina tofauti na ahadi ya karatasi.

Kwa `mvua` miezi 6 inatosha: hadi Aprili 2027. Anayetaka zaidi mwambie wazi kwamba msimbo ni huru, tawi lipo, na unaweza kupitia marekebisho atakayoyaandika yeye. Tarehe ikifika, funga tawi kwa badiliko moja la mwisho kwenye README yake linalosema limefungwa lini na toleo gani linafuata. Kisha fungua kalenda uweke siku ya kuanza hatua ya 1 kwa Python 3.11: Julai 2027, miezi mitatu kabla nayo haijafika mwisho.